Mtu wa Nyuma kwa Mto wa Sabuni

Nimestaafu. Mama yangu anacheka kila nikisema neno hilo. Anasema mtu wa miaka kumi na saba hawezi kustaafu, anaweza kulala tu. Mais ndivyo ilivyo. Kwa kanisa letu hapa Butembo, serre-file, mtu wa nyuma kwa matembezi, anachaguliwa kati ya vijana wa sekondari, na akiisha kufanya Examen d'État, mtihani wa mwisho wa sekondari, anamwachia mwingine fimbo. Mimi nimeifanya mwaka huu. Matokeo hayajatoka, lakini kazi imekwisha. Neema, wewe ndiwe utakuwa nyuma kwa matembezi yajayo. Uliniomba nikueleze mambo kwa mdomo, na unanijua: watu wawili wakiniangalia pamoja, maneno yananikimbia. Donc naandika hapa kwa daftari yangu, utanakili unachotaka. Tafadhali usiisome mbele ya korali.

Kazi yenyewe ni fupi kueleza. Kila mwaka kanisa linatembea kwa miguu toka Butembo mpaka Beni, kuomba na kuimba, na tunalala njiani Maboya kwa ndugu zetu. Mbele anakwenda Papa Kakule, mkubwa wa korali, na megafone yake. Nyuma kabisa anakwenda serre-file. Mtu yeyote asibaki nyuma ya serre-file. Ni hiyo tu. Ukiisha kuelewa hiyo, mengine ni miguu.

Kwa safari ile hatuhesabu kilometa, tunahesabu mito. Ukimuuliza mama aliyechoka tumebakisha nini, hatakuambia saa, atasema, "Tumebakisha Kunyamaza na Sabuni." Usiyatafute majina hayo kwa ramani, ni ya watembeaji. Mto wa Viatu ni wa kwanza. Pale kila mtu anavua, na pale unajua nani alikuja na viatu vipya vya kuonyesha watu, kwa sababu vidole vyake vimekwisha kuchubuka. Mto wa Kunyamaza unauvuka bila neno, kila mtu na jambo alilobeba moyoni. Watoto wanashindwa hapo, na Papa Kakule pia. Mto wa Sabuni ni wa mwisho. Ukiisha kuuvuka, unaoga ng'ambo, unavaa nguo safi, ili uingie Beni kama mtu, si kama kiazi kilichotoka kwa shamba.

Barabara iko na madaraja, ndiyo. Hatupiti juu. Wazee waliopeleka Neno upande ule walipita kwa maji, daraja halikuwapo, na sisi tunashuka kwa maji. Ba motard, watu wa pikipiki, wanasimama juu ya daraja kutucheka.

"Ee ba mama ba kanisa! Daraja iko huku! Ata mbuzi zinaijua!"

Papa Kakule anawajibu na megafone, "Mbuzi haina ahadi na Mungu!" Kila mwaka jibu ni lile lile, na kila mwaka watu wanacheka kama ni la leo.

Nilianza nikiwa mwaka wa pili wa sekondari. Pasta alisema nyuma panahitaji mtu asiyependa kuonekana, na watu wote wakanigeukia. Nilifurahi sana, nikafikiri nyuma hakuna atakayeniangalia. Hakuna aliyenieleza kwamba kwa kila mto kanisa zima linakwisha kuvuka kwanza, halafu linasimama ng'ambo, linakugeukia, na kukuangalia wewe peke yako ukiingia kwa maji. Siku ile ya kwanza kwa Mto wa Viatu nilivuka nikiangalia miguu yangu, nikaanguka. Watu waliimba wimbo wa kunipa nguvu. Ilikuwa mbaya zaidi.

Aliyenifundisha ni Yaya Kavira, dada yetu mkubwa kanisani na serre-file aliyenitangulia. Alikuwa na sauti ya kuuzia samaki na hakuwa na aibu hata ya dawa. Alitembea na mimi mwaka ule wa kwanza wote ili anipe kazi mkononi. Fimbo, alisema, iwe ya mkaratusi, imenywe ganda, ipite kichwa chako. Uiweke upande maji yanakotoka. Ukiiweka upande yanakokwenda, mto utaisukuma na wewe utaifuata. Macho yakae kwa jiwe la ng'ambo, si kwa maji, kwa sababu maji yanakwenda na kichwa kinakwenda nayo. Mguu unauburuza, hauuinui. Na hili ulishike kuliko yote: mtu mwenye woga usimshike mkono. Umpe mkono wako, yeye akushike. Ukimshika, anajua unaogopa pia.

Halafu kuna sauti. Watu wakiisha kuvuka, Papa Kakule anaita majina toka ng'ambo, yote kwa kichwa, halafu anapiga kelele, "Nyuma?" Serre-file anajibu, "Imefunga!" Ndipo anavuka wa mwisho. Mara ya kwanza nilijibu, na Papa Kakule akauliza kwa megafone, "Nani anasema pale? Chura?" Kavira alicheka mpaka akakaa chini. Mais jioni ile Maboya alichana kipande cha kitambaa chekundu, akakifunga kwa kichwa cha fimbo yangu. Nikiinua wima, nyuma imefunga. Nikipunga, kuna mtu bado. Toka siku ile sikupiga kelele tena, na Papa Kakule alizoea. Wewe Neema una sauti, unaweza kukitoa kile kitambaa. Miye ningekiacha.

Sasa Mama Masika. Kavira alimuita "dossier", kama faili ngumu ya ofisini. Aliniambia, "Katungu, mito yote utaiweza. Ule mama ndiye dossier yako."

Mama Masika ni wa Musienene, analima maharagwe na viazi. Anapanda kuja Butembo siku moja mbele, analala kwa kanisa, asubuhi anaanza na sisi. Kiuno kinamsumbua, anatembea polepole, donc kila mwaka anakuwa mtu wa mwisho mbele yangu. Aliongea kwa ajili yetu wote wawili. Sikuwa na lazima ya kujibu, na kwa hiyo nilimpenda. Shida yake watu wote waliijua, kwa sababu aliitangaza mwenyewe. Kwetu binti wa kwanza ni Masika, hakuna kutafuta jina lingine. Yeye ni binti wa kwanza wa mama yake, ni Masika. Binti yake wa kwanza ni Masika pia. Huyu Masika mdogo alipendana na mwanajeshi wa Équateur, jimbo la mbali la watu wa Lingala, aliyekuwa amewekwa upande wetu, na wakati mwanajeshi alipopelekwa Beni, Masika mdogo akamfuata. Siku ya kuondoka, mama alisimama kwa barabara, majirani wanasikia, akasema, "Ukivuka ile mito na ule mutu, miye sitavuka kukufuata."

Alisema vile kwa hasira. Halafu hasira iliisha na maneno yakabaki. Kwetu neno ulilolisema mbele ya majirani si kitu cha kurudisha hivihivi kama sufuria. Donc kila mwaka Mama Masika alitembea na sisi kama mtu wa kawaida, akavuka Mto wa Viatu, akavuka Kunyamaza, na kila mwaka aliniambia njiani kwamba mara hii ataimaliza. Tukifika Mto wa Sabuni, alikaa chini. Watu walivuka. Papa Kakule aliita, "Masika?" na mimi nilipunga kitambaa. Mama Masika alifungua mzigo wake, akatoa sabuni, akaoga huku. Nimesema kwamba watu wanaogea ng'ambo. Yeye aliogea upande huu. Alivaa kitenge safi, akajipaka mafuta, akaangalia upande wa Beni kidogo. Halafu alipanda kwa barabara, akapata motard, akarudi nyumbani, msafi kabisa.

Mwaka ule wa kwanza nilimuuliza Kavira kwa nini hatumsukumi. Akasema, "Mutu hasukumwe kwa maji. Atazama mbele yako, halafu utaandika nini kwa daftari yako?"

Mwaka uliofuata nilikuwa peke yangu. Kavira alikuwa ameolewa, anakaa Beni. Mama Masika aliingiza mguu mmoja kwa Mto wa Sabuni, akautoa. Akasema maji ni baridi. Ilikuwa saa ya jua kali, na ba mama wengine walikuwa wanajimwagia maji yale na kusema ni moto kama uji.

Halafu kuna mwaka hatukutembea. Habari za upande wa Beni hazikuwa nzuri, barabara ilikatwa, Pasta alisema tutatembea kwa uwanja wa kanisa. Tulizunguka. Badala ya mito tuliweka beseni tatu za plastiki na kila mtu alipita ndani na miguu. Kama unafikiri ni mchezo, ujue watu walilia kwa beseni ya Kunyamaza kuliko kwa mto wenyewe. Mama Masika alikuja toka Musienene kwa ajili ya zile beseni. Alipita ya kwanza, akapita ya pili. Ya tatu aliiangalia, akaizunguka, akaenda kukaa kwa benchi. Sikucheka. Papa Kakule alitaka kucheka, mke wake akamwangalia.

Ulipokuja mwaka wa barabara kufunguliwa, tulipata baryeri mpya ya wanajeshi, kizuizi cha barabara, mbele ya Mto wa Sabuni. Ujiandae kwa hiyo: mbele wanapita haraka kwa sababu ya Pasta na karatasi yake ya ruhusa, na nyuma unabaki wewe na wanajeshi waliochoka. Mmoja alimuona Mama Masika na mzigo wa maharagwe kwa kichwa, akautwaa bila kuuliza, akaubeba mpaka upande wa pili wa baryeri. Alisema Lingala tu. Mama Masika, ambaye hata kuwaangalia wanajeshi hakutaka, aliufuata mzigo wake kwa nyuma. Mwanajeshi alipomrudishia, Mama Masika akamuuliza, "Weye, kwenu munakulaka maharagwe?"

Mimi sijui Lingala nyingi, mais niliweza kutafsiri hiyo.

Mwanajeshi akajibu, "Mama, biso tolyaka nyonso." Sisi tunakula vyote.

Mama Masika alinyamaza toka pale mpaka mtoni. Haikuwa kawaida. Niliogopa ni mgonjwa. Alikaa, akaoga, akavaa, akarudi nyumbani.

Sasa mwaka huu. Mbele ya matembezi, Kavira alituma habari toka Beni: Masika mdogo amezaa, binti. Mama Masika alipofika kanisani kwetu, kila mtu alikuwa anajua na hakuna aliyemuambia kitu. Yeye mwenyewe alianza tulipotoka mjini.

"Katungu, unajua minakuwa mukaka?"

"Ndiyo, mama, umekuwa bibi."

"Na hawa ba Équateur, binti wao wa kwanza wanamuitaka nani?"

Nikasema sijui.

"Ni hiyo," akasema. "Hakuna anayejua. Pengine atamuita jina ya kule, na miye nitamuita namna gani?"

Mto wa Viatu, sawa. Maboya tulilala, sawa. Kunyamaza alivuka ananishika mkono, na vidole vyake vilinibana mpaka ng'ambo. Mvua ilikuwa imepiga kule juu kwetu, na tulipofika Sabuni maji yalikuwa na rangi ya udongo, yanafika mapaja. Wanaume walivuta kamba toka mti mpaka mti. Mvua ikiwa vile, serre-file anabaki kwa kichwa cha kamba, anapitisha watu mmoja mmoja, wanene mbele ya wembamba, kwa sababu mtu mnene anavunja nguvu ya maji. Usiwaambie kwamba ni kwa sababu hiyo. Waambie ni heshima.

Watu walikwisha kuvuka. Mama Masika alikuwa ameshaoga huku kama kawaida, ameshavaa kitenge safi. Motard alikuwa ameshuka mpaka karibu na maji kumsubiri, kwa sababu ya kiuno chake, na anapiga honi.

Papa Kakule alianza kuita. Alifika kwa "Masika!" na mimi nikashika fimbo ili nipunge.

Ng'ambo sauti ikajibu, "Miye huyu!"

"Masika amevuka," Papa Kakule akasema kwa megafone, akaendelea na jina lingine.

Nilimuangalia Mama Masika. Alikuwa ameweka mguu mmoja kwa pikipiki, mkono kwa bega la motard, na hakwenda mbele wala nyuma. Kati ya watembeaji, aliyeitwa Masika mwaka huu alikuwa yeye tu. Ba Masika wengine walibaki nyumbani na malaria na harusi.

"Ile sauti," akasema.

"Mama, tuende, mvua inarudi," motard akasema.

"Nyamaza kwanza. Ile sauti si ya mutu wa kanisa. Ile ni mutoto yangu."

Kweli ndiye. Kavira alikuwa amemuambia: mama yako anaogaka pale kila mwaka, anavaa kama mtu wa kuingia mjini, halafu anarudi. Masika mdogo alikuwa ameshuka mtoni toka asubuhi kusubiri, amekaa kati ya ba mama, na aliposikia jina lake akaitika. Kila Masika angefanya vile.

Mama Masika alishuka kwa pikipiki na kuja kusimama nyuma yangu. Mimi ni mwembamba, sikumficha kitu.

"Umuambie nimekwisha kurudi," akaninong'oneza.

"Mama, sina sauti ya kufika kule."

"Basi upunge kitambaa."

"Kitambaa hakisemi hivyo, mama. Kinasema kuna mtu bado."

Nilipunga, kwa sababu ndiyo kazi. Papa Kakule akasema ng'ambo, "Masika alijibu! Nani bado?" Watu wote wakatugeukia. Masika mdogo akasimama, na mtoto mgongoni. Aliuona ule uso nyuma ya bega langu.

"Mama!"

Nilimpa Mama Masika mkono wangu, hakuushika. Motard alizima pikipiki. Kwa kweli sikujua cha kufanya, na sikufanya kitu, nilishika kamba tu.

Masika mdogo aliita tena, akangoja. Halafu akakaza kitenge cha mtoto, akashika kamba upande wake, akaingia kwa maji kuja huku. Watu wakapiga kelele. Kwa mto hatuvuki kurudi, na kwa maji kama yale hata mwanaume hangeingia na mtoto. Papa Kakule alisahau kwamba ana megafone, akapiga kelele na mdomo. Pasta akaingia mpaka magoti, na viatu.

"Masika!" Mama Masika akalia. Sauti ile nilikuwa sijaisikia kwake. "Uko na wazimu? Na mutoto kwa mugongo? Rudi!"

"Kuja unirudishe!" Masika mdogo akajibu, na akaongeza mguu.

Mama Masika aliingia. Kitenge safi, mafuta, vyote. Aliingia bila fimbo, macho kwa binti yake, na ule mguu wa kiuno kibaya hakuuburuza, aliuinua kama mtu anayekanyaga moto. Nilimfuata nyuma, nikaweka fimbo yangu upande maji yanakotoka, karibu na mgongo wake, bila kumgusa. Maji yalimfika tumboni. Mara moja aliteleza, akashika fimbo yangu, akasimama tena.

Walikutana katikati. Wote wawili walishika kamba na hakuna aliyekuwa na mkono wa kumkumbatia mwenziwe. Mama Masika alimuangalia mtoto, ambaye alikuwa ameinamia upande mmoja, na mguu umetoka.

"Nani alikufundisha kufunga mutoto hivi?"

"Ni weye."

"Miye sikufundisha hivi. Geuka."

Nao walisimama pale katikati ya maji, na mama akaachilia kamba kwa mkono mmoja, akavuta kitenge juu, akarudisha ule mguu ndani, akakaza. Mimi nilikuwa nimewashikilia na fimbo. Neema, hiyo haimo katika kazi, lakini inaweza kukufikia.

"Anaitwa nani?" Mama Masika akauliza.

"Papa yake alimupa jina ya kwabo, ni refu, utajifunza. Mais ni binti, na ni wa kwanza. Unaniuliza nini tena?"

Mama Masika aligeuza uso upande wa ng'ambo, wakaenda, binti mbele, mama nyuma na mkono kwa mgongo wa mtoto. Nikatoka wa mwisho. Pale kwa ukingo ba mama waliwashika wote na kuwakausha na nguo zao safi, na kila mtu anaongea pamoja na mwingine.

Papa Kakule hakuwa amesikia kitu toka katikati ya maji. Alipata megafone yake tena, akataka kumaliza kazi kama inavyotakiwa, akaita, "Masika!"

Wawili waliitika. Wa tatu alikuwa analia.